Krismasi Bila Ibada ni ya Wenye Fedha

Kila Desemba hoja ni ile ile, maofisini, redioni, kwenye makundi ya WhatsApp. Krismasi, wanasema, siku hizi ni sikukuu ya watu wote. Ni wakati wa familia, wa kupumzika, wa kula vizuri na kupeana zawadi. Anayetaka kwenda kanisani aende zake, ila asituambie kwamba bila kanisa hakuna Krismasi. Waliosoma kidogo huongeza kwamba tarehe yenyewe ni ya kipagani, na waliosoma zaidi hukumbusha kwamba dini yote hii ililetwa na wazungu. Maneno hayo husemwa kwa upole, tena na watu wema, ndiyo maana yamekubalika bila ubishi. Mimi nayakataa, na siyakatai kwa ajili ya kulinda heshima ya maaskofu. Nayakataa kwa sababu Krismasi iliyovuliwa ibada haiwi ya watu wote. Inakuwa ya wenye fedha.

Simama Mtaa wa Kongo, Kariakoo, tarehe 23 Desemba saa kumi jioni. Magauni ya watoto yametundikwa hadi juu ya milango, yale ya wavu yenye ua kubwa kiunoni. Mama mmoja analishika gauni, anauliza bei, anatajiwa, analiachia. Anaingia duka la pili, la tatu, kisha anarudi lile la kwanza na kuuliza tena. Nyumbani wapo mabinti watatu, na akinunua moja itabidi anunue matatu, maana hakuna mtoto atakayekubali mwenzake avae gauni jipya yeye avae sare ya shule. Kila bango na kila tangazo la redio limemwambia mama huyu kwamba Krismasi ni furaha ya familia, na kwamba furaha hiyo inapatikana dukani kwa bei ya punguzo. Asipoweza kuinunua, maana yake amewanyima wanawe Krismasi. Hakuna aliyemtamkia hivyo, lakini ndiyo hesabu inayobaki mambo mengine yote yakiondolewa.

Sisi wa Kilimanjaro tunajulikana kwa safari ya Desemba. Basi baada ya basi hupita Chalinze, Segera, Same na Himo, na treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi iliporejeshwa Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi, watu waliishangilia kama ndugu aliyepotea. Nauli hupanda, barabara hujaa, na mitaa ya Dar hupungua watu. Wanaotaka Krismasi isiyo na dini hupenda kuutaja mfano huu: tazama Wachagga, wanasema, wanakwenda kuona wazazi, kuchinja mbuzi na kunywa mbege, kanisa ni la pembeni tu.

Lakini lipo jambo tunalolijua wote na hatulisemi mezani. Wapo wanaume wa kwetu ambao hawapandi basi hilo. Wako Tandika, wako Mwanza, wako Tunduma, na mwaka huu watasema kazi zimewabana kama walivyosema mwaka jana. Kazi hazijawabana. Hawana gari la kuegesha kihambani, kwenye shamba la ukoo, hawana kiroba cha sukari cha kumpelekea mama, hawana cha kuchangia mbuzi. Safari ya kwenda nyumbani imegeuzwa mtihani, na wao wamekwisha kujisahihisha na kuona wamefeli. Sikukuu ya familia imewatenga na familia. Waulize wanaosema Krismasi ni ya wote: mtu kama huyu wanamweka wapi? Hawana pa kumweka, kwa kuwa wameondoa kitu pekee ambacho kingempa ruhusa ya kurudi mikono mitupu.

Kitu hicho ni habari yenyewe. Luka anasimulia mama mjamzito aliyelazimika kusafiri kwa sababu Kaisari Augusto, mtu asiyemjua, alitaka kuhesabu watu. Walipofika Bethlehemu hawakupata nafasi, na mtoto akalazwa katika hori la kulishia ng'ombe. Wa kwanza kupewa habari walikuwa wafanyakazi wa zamu ya usiku, wachungaji wa kondoo, ambao leo tungewafananisha na walinzi wa mageti yetu. Mathayo naye anaeleza jinsi familia hiyo hiyo ilivyokimbia kuuawa na kuvuka kuingia Misri. Mzazi wa pale hakuwa na gauni jipya la mtoto, hakuwa na chumba, baadaye hakuwa hata na nchi. Imani ya Kikristo inadai kwamba Mungu aliyeumba mbingu alichagua kuja kwa mlango huo. Ukiamini hivyo, aliyekosa nauli hana cha kuonea haya mbele ya sikukuu hii. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na hori. Usipoamini, au ukiamua kwamba habari hiyo ni mapambo tu, basi umebaki na kuku, soda na gauni la wavu, na hivyo vyote vina bei.

Walioishika habari hiyo kwa dhati ndivyo walivyoielewa. Mwaka 1223, kijijini Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori halisi lenye majani makavu, ng'ombe na punda, misa ikaadhimishwa hapo hapo ili watu waone kwa macho umaskini ambao Mtoto yule alizaliwa ndani yake. Mapango ya Krismasi tunayoyaona leo katika parokia zetu yanatokana na desturi iliyopata nguvu usiku ule. Fransisko huyo huyo alitaka siku ya Krismasi matajiri wawashibishe maskini, na hata ng'ombe na punda waongezewe chakula. Kwake ibada na shibe ya maskini vilikuwa jambo moja, na asingeelewa mtu anayesema tubaki na shibe tuache ibada. Na ibada ikiondoka, maskini ndiye wa kwanza kuondoka nayo.

Tuna mfano wa karibu zaidi, na nasikitika kwamba hautajwi. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia saini mwezi Juni. Pale Mkunazini, mahali watu walipokuwa wakipangwa, wakipimwa meno na kuuzwa, Waanglikana waliamua kujenga kanisa, na jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Siku nyingine za mwaka zilikuwepo. Naamini waliichagua hiyo kwa sababu ndiyo siku ambayo kanisa husema kwamba Mungu ametwaa mwili wa binadamu, na mwili huo, kwa imani hiyo, hauwezi tena kutajiwa bei. Askofu Edward Steere, ambaye Kiswahili kinamdai heshima kwa kazi yake ya kukiandika, alisimamia ujenzi, na kanisa lipo hadi leo. Hiyo ndiyo Krismasi ninayoitetea. Anayetaka kuniambia kwamba maana yake ni mapumziko ya mwisho wa mwaka, namwomba aende Mkunazini kwanza.

Najua nitaambiwa: ndugu, unazungumzia vitabu, watu wa kawaida hawafikiri hivyo. Basi nenda ukae katika ibada ya Krismasi kwenye usharika wowote wa mlimani, halafu ubaki nje ibada ikiisha. Watoto wa shule ya Jumapili wameshaigiza. Malaika alivaa shuka jeupe la mama yake, Herode alikuwa kijana mrefu kuliko wote, na katoto ka miaka minne kalisimama kusema mstari wake wa moyo, kakasahau katikati, na kanisa zima likamalizia kwa pamoja. Sasa ni mnada. Bibi mmoja alileta sadaka ya mayai manne katika bakuli, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho. Mzee wa kanisa anayanyanyua juu: elfu moja, elfu mbili, nani elfu tano? Mwanamume aliyekuja na gari kutoka mjini anayapandisha bei, mwingine anampiku, na mayai manne yanauzwa kwa fedha ya kununulia trei kadhaa. Aliyeyanunua anamrudishia bibi bakuli lake na mayai yake ndani. Hapo mwenye gari na mwenye mayai wamesimama kwenye vumbi moja, na mayai yamehesabiwa kuwa mali. Nitajie pati ya ofisi au ofa ya duka kubwa inayoweza kufanya hivyo.

Wapo wanaoniambia kwamba kuweka Kristo mbele ni kuwafungia mlango majirani wetu Waislamu. Hoja hii inaniudhi kuliko zote, maana inawasemea watu ambao hawajaomba kusemewa. Sisi tumekua tukipelekeana sahani. Idi inapofika, Mkristo hupokea pilau na hajawahi kumwomba jirani yake aiondoe swala ili yeye ajisikie amekaribishwa. Anajua kwamba kabla ya pilau ile kulikuwa na mwezi mzima wa kufunga, na kwamba zakatul-fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi ili maskini naye asherehekee. Hakuna mtangazaji anayethubutu kusema kwamba Idi ni sikukuu ya wote kwa hiyo Ramadhani iwekwe kando. Angesema, angerudishwa nyuma haraka, na ingekuwa haki. Mbona Krismasi ifanyiwe hivyo, na Wakristo wenyewe ndio wa kwanza kukubali? Jirani yangu Mwislamu anaye Maryamu katika Qurani, sura nzima ina jina lake. Tunatofautiana juu ya mwana wa Maryamu ni nani, na tofauti hiyo ni kubwa, wala sitaipunguza ili nionekane mstaarabu. Lakini anajua ninasherehekea nini, na ananiheshimu zaidi nikijua na mimi.

Sasa tarehe. Ni kweli kwamba Biblia haitaji tarehe 25 Desemba, na hakuna mchungaji makini anayedai inataja. Kinachodaiwa na wengi, kwamba kanisa liliiba sikukuu ya jua la Warumi, kina uzito mdogo kuliko sauti inayokisema. Kaisari Aurelian aliitukuza ibada ya jua mwaka 274. Lakini kumbukumbu ya kale inayotaja sikukuu ya jua tarehe 25 Desemba imo katika kalenda ya Kirumi ya mwaka 354, na kalenda hiyo hiyo inataja pia kuzaliwa kwa Kristo siku hiyo. Nani alimwiga nani, karatasi hiyo haisemi. Saturnalia, sikukuu nyingine ya Warumi ambayo watu huitaja kwa kujiamini, ilianza tarehe 17 Desemba na kumalizika kabla ya 25. Tena Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa eneo ambalo leo ni Tunisia, alikwisha kuandika miaka mingi kabla ya Aurelian kwamba Kristo alikufa tarehe 25 Machi. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba Wakristo wa kale waliamini mimba yake ilitungwa tarehe hiyo hiyo, na ukihesabu miezi tisa unafika 25 Desemba. Wengine hawakubali, na mjadala ni wa haki.

Hata tukikubali yote wanayosema, hoja yao haiwafikishi wanakotaka. Wapuritani wa Uingereza waliamini kwamba Krismasi ni upagani, na Bunge lao likaifuta mwaka 1647. Wenzao wa Massachusetts waliweka faini ya shilingi tano mwaka 1659 kwa atakayeiadhimisha. Mashahidi wa Yehova leo hawaisherehekei kabisa. Nawapinga wote hao, lakini naona msimamo wao: wameona kosa, wameacha. Anayenishangaza ni yule anayesema sikukuu ni ya kipagani, halafu tarehe 25 yuko Coco Beach na kreti ya bia. Upagani unamsumbua saa ya misa tu.

Na ugeni je? Hapa nakubali nusu. Ni aibu kuona pamba imebandikwa juu ya mti wa plastiki kuigiza theluji, Dar es Salaam, mwezi ambao shati linalowa jasho saa tatu asubuhi. Lakini waulize wenye hoja hiyo: nani aliyeileta theluji? Injili haina theluji. Nikolasi halisi, anayetajwa kuwa asili ya Baba Krismasi, alikuwa askofu wa Myra, katika nchi ya Uturuki ya leo, anayekumbukwa kwa kuwapa maskini kwa siri, na siku yake ni tarehe 6 Desemba. Mzee mnene wa nguo nyekundu ni mwingine. Alichongwa polepole kwa mashairi na michoro ya Marekani ya karne ya 19, na kuanzia mwaka 1931 matangazo ya Coca-Cola yaliyochorwa na Haddon Sundblom yakaisambaza sura yake duniani. Yule kulungu mwenye pua nyekundu aitwaye Rudolph alitungwa mwaka 1939 na mwajiriwa wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, Chicago, kwa ajili ya kijitabu cha kugawia wateja. Hivi ndivyo vitu vya kigeni vilivyoko sebuleni kwetu, na vilikuja kwa njia ya biashara.

Imani yenyewe ina mizizi mirefu zaidi barani humu kuliko huko tunakodhani ilitoka. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alikuwa Mkristo katika karne ya nne. Agostino, mmisionari aliyetumwa na Papa kwa Waingereza, alifika Kent mwaka 597. Waethiopia husherehekea Genna tarehe 29 ya mwezi wao wa Tahsas, yaani 7 Januari kwa kalenda yetu, na mahujaji waliovaa mashuka meupe hujaa Lalibela, kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba. Hawana pamba wala kulungu. Congo, kwenye misheni ya Kamina, padri Guido Haazen na waimbaji wake waliipa misa ngoma na sauti za huko katika Missa Luba ya miaka ya 1950, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha taratibu za misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Ibada ndiyo iliyojifunza ngoma. Duka bado linatuuzia theluji. Anayeitaka Krismasi ya Kiafrika kwa moyo wa kweli anapaswa kuitafuta kanisani kabla ya kuitafuta penginepo.

Lipo jambo moja ambalo Wakristo tumelipoteza wenyewe bila kunyang'anywa na mtu: kalenda. Madukani Krismasi huanza Novemba na hufa tarehe 26 asubuhi, nyota zinateremshwa na madaftari ya Januari yanapangwa. Kanisani ni kinyume. Kwanza huja Majilio, majuma ya kungoja na kutubu, mishumaa ikiwashwa mmoja kila Jumapili. Desturi hiyo ya mishumaa inatokana na Johann Wichern wa Hamburg, aliyeianzisha mwaka 1839 katika nyumba aliyolelea watoto maskini, ili wahesabu siku zilizobaki. Krismasi inaanza usiku wa 24, wala haiishi kesho yake. Tarehe 26 ni ya Stefano shahidi wa kwanza, aliyepigwa mawe. Tarehe 28 ni ya watoto waliouawa na Herode. Inaendelea hadi Epifania, 6 Januari, wageni wa mbali wanapofika. Hii ni sikukuu inayothubutu kuweka damu na kilio cha akina mama ndani ya wiki ya furaha. Familia iliyozika mwezi Desemba ina nafasi ndani yake. Krismasi ya matangazo haina nafasi kwa aliyefiwa, inamtaka atabasamu au akae kando.

Kwa hiyo siwezi kuwalaumu wenye maduka pekee. Yapo makanisa ambayo ibada ya Krismasi imemezwa na michango, majina ya waliotoa vikubwa yanasomwa kwenye kipaza sauti, na viti vya mbele vimewekewa wageni waliotoka mjini. Mnada ule nilioueleza nao unaweza kuharibika ukawa uwanja wa kutambiana, na mahali pengine umeharibika. Mchungaji au paroko anayekubali hayo ameifanya kazi ya duka ndani ya nyumba ya Mungu, na hana haki ya kulalamika waumini wakiona hakuna tofauti. Yule mwanamume asiye na nauli akiogopa kihamba, asiogope na kanisa pia.

Ninachoomba kinatendeka. Mzazi, wasimulie watoto wako Luka sura ya 2 kabla ya kuwapeleka Kariakoo, ili wajue gauni ni nyongeza. Mzee wa usharika, futa orodha ya waliotoa vikubwa. Na wewe unayejua namba ya simu ya ndugu yako ambaye hajapanda nyumbani siku nyingi, mpigie kabla Majilio hayajaanza, Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, umwambie aje bila kitu, na nauli mtamchangia.